Harufu ya Limau kwenye Boneti

Jumamosi ile magari yalipanga foleni mpaka barabarani, na mashine za maji zilivuma hata honi hazisikiki. Mwanamke mmoja aliyeendesha gari la kubeba maharusi, ambaye wote walimwita Dereva, alishuka, gauni la njano limebanwa kiunoni, akamwona mwosha magari analisogelea gari lake na kitambaa. Akapaza sauti.

"Kaka, usithubutu kulipaka nta!"

Yule kijana, ambaye wenzake walimwita Povu, alisimama na mabuti yake ya mpira.

"Dada, nipake nta gari lililobandikwa stika isiyong'aa mwili mzima? Litoke na mabaka kama chui? Hili ni maji, sabuni laini na kitambaa laini, basi. Na hiki kinyesi cha ndege nakilowesha kwanza, sikikwangui."

"Kumbe nimefika kwa fundi!"

Alikipitisha kitambaa polepole, kama mtu anayemfuta mtoto uso. Gari lile la kijivu ndilo lililomlisha Dereva na mama yake, na hakuna aliyewahi kulishika hivyo.

Jumamosi iliyofuata Dereva akarudi, gari halina hata vumbi.

"Leo naosha nini, dada?"

"Osha tu. Maswali ya nini?"

Simu zikaanza. "Kipenzi changu, umekula?" "Nimekula. Na wewe Povu langu, umeshakauka?" Mwaka haujaisha, Povu akaenda kumsalimia mama, shati jeupe limenyooshwa pasi. Mama akamkaribisha kwenye meza inayong'aa kama kioo, akamwongezea chai bila kumuuliza.

Wiki moja baadaye, asubuhi ya kumpeleka bibi harusi, Dereva alikuta boneti ina baka kubwa linalong'aa. Povu ndiye aliyeliosha gari jana yake. Akampigia.

"Umelipaka nini gari langu?"

"Sikupaka kitu, mpenzi. Nakuja."

Alifika akihema, akainama, akanusa boneti. Akatazama dirisha la jikoni, ambako mama alikuwa akisuuza vikombe huku akiimba. Kisha akatoa kitambaa mfukoni.

"Sema basi!"

"Sina la kusema. Niachie nilisafishe."

"Asiye na kosa hujitetea. Usinipigie tena!"

Akaondoka na gari lake na baka lake.

Siku ya nne mama aliuliza, "Mkwe wangu mbona haonekani?"

"Aliharibu gari, mama. Alilipaka dawa ya kung'arisha."

Mama akaweka kikombe chini. "Yenye harufu ya limau?"

"Umejuaje?"

"Ni mimi, mwanangu. Niliamka alfajiri nikaliona limefubaa, nikasema lisikuaibishe mbele ya bibi harusi. Nikalipaka dawa yangu ya meza. Nilipomaliza boneti mkono ukaniuma, nikaacha. Nikangoja unisifu, nawe ukaondoka mbio."

Dereva hakuweza kumgombeza. Aliushika mkono ule wenye maumivu, akaubusu, kisha akachukua ufunguo.

Alimkuta Povu akikamua vitambaa.

"Ulijua."

"Nilinusa limau. Meza niliyonywea chai kwenu ilinukia limau hilo hilo."

"Na ukaacha nikutukane?"

"Ningejitetea kwa kumshtaki mama yako? Mtu ameamka alfajiri kwa ajili yako! Hata kama ningekukosa, hilo nisingelisema."

Machozi yakamtoka Dereva. "Nisamehe, mpenzi. Nilikuhukumu kabla sijakusikiliza."

"Nimeshakusamehe. Sogeza gari kivulini, stika isipashwe moto na jua."

Alipaka sabuni, akasuuza, akapaka tena, bila kusugua kwa nguvu. Baka likafifia mpaka likabaki kama alama ya kiganja.

"Hapa patabaki kidogo," alisema kwa masikitiko.

"Pabaki. Siku ya harusi yetu mama atakaa mbele, apaone."

Kitambaa kikamdondoka Povu. "Harusi ya nani?"

"Umesikia. Au hutaki?"

"Nataka! Lakini nani ataendesha? Mimi sijui."

"Nitaendesha mwenyewe, na shela langu kichwani."

Povu akaokota kitambaa, akacheka huku macho yamemlowa.

"Basi mimi nitaliosha."