Kona ya Nne ya Mtaa

Mama Pil-nam alikuwa jirani yangu hapa Gyeongju, mlango kwa mlango, na mimi ndiye niliyemtafutia kazi ya kuchimba. Niseme hilo mapema, maana kwenye ripoti halimo.

Asubuhi ile ilikuwa ya kawaida. Jua la vuli, kahawa ya paketi kwenye vikombe vya karatasi, akina mama sita wamechuchumaa na majembe yao ya mkono wakiwasengenya waume zao. Tulikuwa tunafukua mtaa mmoja wa mji mkuu wa Silla, ufalme wa kale wa huku. Wafalme wale walipima mji wao kwa miraba, barabara zimenyooka kama mistari ya daftari, kwa hiyo ukishapata kona tatu za mtaa, ya nne unaifuata kwa kamba tu. Tatu tulishazipata. Kila moja ilikuwa na mtu wake wa kafara, mifupa mitupu, amelazwa chali chini ya msingi wa ukuta.

Kwenye ya nne tuliinua bamba la jiwe. Chini yake kulikuwa na shimo tupu, safi kama limefagiwa.

"Walimsahau mtu wao," nikatania.

"Hawakusahau," akasema Mama Pil-nam. "Mwaga kwanza kikombe cha pombe ya mchele, mwanangu. Hata kimoja."

Profesa Tak, aliyekiinamia kichwa cha nguruwe cha tambiko siku ya ufunguzi mbele ya kamera za televisheni, akacheka. "Mama, hii ni sayansi. Ingia ulale, tupate kipimo kwenye picha. Wewe ndiye mfupi."

Mama Pil-nam akanitazama mimi. Nilikuwa nimebakiza sura moja ya tasnifu, na sura hiyo ilikuwa shimo lile.

"Dakika moja tu, mama mdogo," nikasema.

"Nikifia humu, kabichi ya kimchi utajichachushia mwenyewe, mvivu wewe."

Wenzake wakaangua kicheko. Jino lake la dhahabu likameta. Akaingia.

Alienea. Utosi uligusa huku, visigino vikagusa kule.

Nikapanda ngazi na kamera. Picha ya kwanza. Ya pili.

"Mwanangu," akanong'ona. "Udongo una joto."

"Usitikisike."

"Nitoe."

Kivuli changu kilikuwa kimeangukia miguu yake. Kingeharibu picha. Nikasogea kidogo.

"Moja ya mwisho," nikasema.

Nikabofya.

Hapakuwa na shimo tena. Palikuwa na udongo mwekundu, umeshindiliwa tabaka juu ya tabaka, mgumu kama jiwe, na juu yake vijizizi vya nyasi.

Kisha tukasikia. Ko. Ko. Ko.

Kutoka chini.

Akina mama waliuparamia udongo kwa majembe. Majembe yakapinda. Mmoja akakimbilia sururu, Profesa akamzuia. "Huo ni udongo wa kale! Tabaka moja moja, kwa mwiko na brashi, kama sheria inavyotaka." Polisi alikuja, akaukanyaga kwa kisigino, akauliza nani angeweza kuingia humo. Akina mama walimweleza wakilia, wote kwa pamoja. Akanigeukia mimi, msomi.

Profesa alikuwa ameshaninong'oneza. "Unayo picha yake akiwa ndani?"

Ninayo.

"Unataka shahada, au unataka kuitwa kichaa?"

Nilimwambia polisi kwamba mama huyo alikwenda nyumbani mapema.

Tulichimba sentimita tano kwa siku. Siku ya kwanza waligonga hodi kwa haraka huko chini. Nasema waligonga, maana nilikataa kusema aligonga. Siku ya pili, polepole. Siku ya tatu, jioni, kimya.

Siku ya kumi na tisa tukaifikia mifupa. Profesa akapiga makofi: mtaa umekamilika. Ilikuwa mikavu, ya kahawia, kongwe kama ya wale watatu. Lakini wale watatu mikono yao ilikuwa ubavuni. Huyu yake ilikuwa imeinuliwa. Kinywani, jino moja la dhahabu.

Na upande wa chini wa tabaka la mwisho kulikuwa na vishimo vidogo, vinne vinne, mamia kwa mamia. Nilikunja ngumi nikaiweka. Vifundo vya vidole vikaingia sawasawa.

Jino halimo kwenye orodha. Kuhusu vishimo, ripoti inasema ni alama za nyundo za mbao za washindilia udongo.

Sentensi hiyo niliiandika mimi.