Dirisha la Ghorofa ya Nne

Dirisha la ghorofa ya nne lilikataa kuingia giza. Gaspard Villemin alikuwa uwanjani akijaribu projekta zake kwa ajili ya onyesho la tamasha la taa la usiku huo, na jumba zima lilikuwa limemtii: ukuta umegeuka bahari, ukageuka moto, ukawa mweusi. Dirisha moja tu ndilo lililobaki na kimwanga cha manjano, nalo lilikuwa la mama yake.

Alipanda ngazi amefura. Huyu Gaspard, ambaye jiji zima la Lyon lilipaswa kushukuru kwamba amezaliwa, alikuwa na kipaji kimoja cha uhakika, nacho ni dharau. Alimkuta Mama Honorine ameshapanga mishumaa yake ndani ya glasi dirishani, kama wenyeji wafanyavyo kila tarehe nane Desemba.

"Mama, hivi vimishumaa vinaniharibia kazi. Watu wanakuja kuona sanaa, hawaji kuona jiko lako."

"Mwanangu, niachie hata mmoja," mama alinong'ona. "Nyumba hii ina mwenyewe. Leo lazima apewe mwanga wake dirishani. Asipopewa, anauchukua kwenye macho ya mtu. Marehemu bibi yako alinionya."

"Basi aje achukue yangu. Angalau atajua kutazama."

Akaipuliza yote, akatia kiberiti mfukoni na kushuka.

Onyesho lilianza watu wakiwa wamebanana, vikombe vya mvinyo wa moto mkononi. Kwanza ilikuja harufu ya utambi uliozimwa, ikafunika hata harufu ya njugu za kuchoma. Kisha ukutani, katikati ya maua ya Gaspard yanayocheza, likatokea umbo jeusi la mtu, likawa linatoka dirisha moja kwenda jingine bila haraka, likichungulia kila chumba kama mwenye nyumba anayekagua wapangaji, na kila lilipopita maua yalikufa, mpaka likafika ghorofa ya nne, likasimama, likageuza uso usio na macho.

"Solène, huyo mtu umemweka wewe?" Gaspard alimuuliza fundi wake wa kompyuta.

"Hapana, bosi."

"Mtoe."

"Nimeshazima kila kitu." Solène alimwonyesha plagi mkononi. "Waya huu hapa, nimeuchomoa."

Umati ulishangilia. Umati wa namna hii ungeshangilia hata nyumba ikiungua, mradi iungue kwa rangi.

Juu, Mama Honorine alikuwa amepata kiberiti kwa jirani. Aliwasha mshumaa mmoja, lakini alikuwa amechelewa. Katika ule uso mweusi yalifunguka macho mawili ya kijivu, makubwa, yakawatazama watu kwa dharau ambayo mama aliifahamu tangu mwanawe akiwa mdogo.

"Solène," Gaspard alisema, "nani kazima taa za uwanja?"

Taa zote zilikuwa zinawaka. Solène alipunga mkono mbele ya uso wa Gaspard, naye hakukwepa wala kupepesa.

Makofi yakazidi. Gaspard alitengeneza koti lake, akainama kuwashukuru watu, akiwa amewapa mgongo.