Tulimchinja Fahali wa Lazarus

Jioni ile nilifuata turubai tu. Turubai la kanisa, lililobaki nyumbani kwa marehemu Lazarus tangu tumzike siku nne kabla. Mawingu ya Agosti yalikuwa yametanda, na Jumapili tulikuwa na harambee. Nikapanda baiskeli kutoka Shieywe, Biblia kwenye keria, nikaelekea upande wa Isecheno huku nikinung'unika. Waumini wangu hodari wa kuazima. Kurudisha, mpaka pasta aende mwenyewe.

Ilikuwa mwaka wa 1994. Nilikuwa na miaka thelathini na miwili na kiburi cha kuwatosha watu watatu.

Lazarus alikuwa na fahali wa kupigana. Alimwita Chifu, kwa sababu hakukubali kumpisha mtu njiani. Kwetu Isukha, mwenye fahali akifa, mnyama wake huletwa kaburini akanyage udongo na kuutifua kwa pembe, ndipo marehemu apumzike. Lazarus aliniomba hivyo akiwa kitandani, amenishika mkono. Nilikataa. Nikawaambia wafiwa kwamba fahali akikanyaga kaburi, mimi sitazika mtu. Kisha nikajiona mwerevu zaidi: nikaamuru Chifu achinjwe, awe kitoweo cha waombolezaji. Bila fahali, mila ingefanywa na nani?

Bramwel, mdogo wake marehemu, ndiye aliyeshika kisu. Alikuwa amefanywa mzee wa kanisa mwezi uliotangulia, asingeweza kunikatalia. Alichinja huku analia. Mimi nilisimama kando nikiongoza pambio.

Sasa nilikuwa napita kando ya msitu, giza likianza kuingia, nikasikia kwato nyuma yangu.

Nzito. Taratibu.

Nikageuka. Barabara tupu...

Harufu ikanifikia, damu mbichi na samadi, kama nyuma ya bucha. Nilipotazama mbele tena, mtu alikuwa amesimama ukingoni, kofia imemfunika uso.

"Mulembe, pasta."

"Mulembe, mzee. Unatoka soko la Lubao?"

"Natafuta ng'ombe yangu," akanong'ona. "Iko karibu. Ni vile imekatwa shingo, inatembeanga pole pole."

Nikadhani ni mlevi, nikataka kucheka. Ndipo nikaona mkono wa koti lake la kijivu, umeshonwa kwa uzi mweupe. Uzi ule niliununua mimi mwenyewe, siku Mildred, mjane wa Lazarus, alipokuwa akitengeneza nguo za kumzikia mumewe.

"Nani alisema ichinjwe?" akauliza.

Nilikanyaga pedali mpaka mapaja yakawaka moto.

Nilipofika kwa Lazarus, Mildred alinivuta ndani kabla sijabisha hodi, akaweka komeo. Bramwel alikuwa amejikunyata pembeni, shati limepandishwa. Mbavu zake zilikuwa nyeusi. Alama za mviringo, mbilimbili, upana wa pembe.

"Usiku tatu inanigonga, pasta," alisema. "Na sauti ya kaka inauliza, nani alisema. Nimekataa kukutaja. Wewe ni mtumishi wa Mungu."

"Tuombe," nikasema.

"Tumeombanga," Mildred akajibu. "Leo sema wewe mwenyewe, pasta. Ni wewe uliagiza. Huyu atamalizwa bure."

"Yesu atakulinda," Bramwel akaongeza, na aliamini kweli. "Si ndio?"

Kwato uani.

Zikasimama.

Ukuta wa udongo ulipasuka kwa kishindo kimoja. Taa ikaanguka, ikabaki inawaka ubavuni. Sikuona mnyama. Wallahi, kama wangesema majirani zangu Waislamu wa Mumias, sikuona kitu ila pumzi, moshi mzito ukitoka mahali pasipokuwa na pua. Bramwel aliinuliwa kutoka sakafuni mpaka mgongo ukagonga boriti. Akaangushwa. Akainuliwa tena. Kitu kilimwingia chini ya mbavu, nikasikia nyama ikichanika kama gunia, na damu yake ikanirukia machoni, ya moto.

"Nani alisema?" Sauti ilitoka tundu la ukuta, ya upole mno.

"Pasta!" Mildred alinishika kola, akanitikisa. "Sema! Sema ni wewe!"

Bramwel alinitazama. Matumbo yake alikuwa ameyashika kwa mikono miwili. Hakunitaja. Hata wakati ule alikuwa ananingoja mimi, na kama ningesema angeweza kupona, nilijua hivyo kama ninavyojua jina langu.

Nilifungua mdomo...

Nikaufunga.

Akaburutwa kupitia tundu lile mpaka uani, juu ya kaburi la kaka yake. Alipondwa pale. Nilihesabu vishindo kwa kuwa sikuweza kufanya lingine, na baada ya kumi na saba hapakuwa tena na sauti ya mfupa. Udongo ulitifuka juu, ukamwagika, ukatifuka. Mildred alikuwa anapiga nduru. Kisha kitu kikashusha pumzi ndefu, ya mnyama aliyeshiba kazi, na kwato zikaelekea msituni. Kando yazo nilisikia viatu vya mtu.

Asubuhi, polisi walikuta nyayo za ng'ombe mmoja, kubwa, zikitoka katikati ya kaburi. Za kuingia hazikuwepo. Walizunguka boma lote wakimtafuta huyo mnyama, na Mildred akawaambia, bila kulia, kwamba walishamla. Mimi hakunitazama. Hajanisalimia mpaka leo.

Kituoni niliandika taarifa yangu: Bramwel ameuawa na fahali asiyejulikana mwenyewe ni nani. Askari aliisoma mara mbili, akakuna kidevu.

"Na wewe, pasta, ulikuwa ndani. Hukufanya chochote kumsaidia?"

"Niliomba," nikamwambia.

Akaitikia kwa heshima, akagonga muhuri. Na sikumdanganya. Niliomba kwa nguvu zangu zote, kuliko nilivyowahi kuomba madhabahuni. Niliomba Bramwel afe haraka, kabla hajanitaja.