Wimbo Ambao Rafeah Hakuuimba

"Leo umemwimbia mtoto hadi mimi mwenyewe nikasinzia," Mak Rokiah alimwambia mkwe wake, huku akiendelea kutwanga pilipili kwenye kinu cha jiwe. "Na ule ubeti mpya umeutoa wapi?"

Rafeah alisimama mlangoni mwa jikoni, helmeti ya pikipiki ingali mkononi. "Ubeti upi, Mama?"

"Si huo wa mchana! Wa mtoto anayepelekwa mtoni akaogeshwe."

Rafeah alicheka. Siku hiyo simu anayotumia kumwimbia mtoto akiwa kazini ilishinda imefungiwa kabatini kule kiwandani Singapore, ng'ambo ya daraja la mpakani, kwa amri ya msimamizi mpya asiyetaka kuona simu karibu na mashine. Hakuwa amemwimbia mtu.

Alikwenda chumbani kumwangalia Uwais, mwanawe wa miezi mitano. Alikuwa amelala fofofo, na bembea ya umeme ilikuwa ikienda taratibu, ingawa hujiendesha yenyewe pale tu mtoto anapolia.

Bembea ile ilinunuliwa na Azhan, mumewe, dereva wa lori. Ilikuwa na jicho, sikio na mdomo: kamera ya kumwonyesha Rafeah mtoto kwenye simu, kinasa sauti cha kusikia kilio, na spika ya yeye kusemea kutoka ng'ambo ya daraja. Mwanzoni Mak Rokiah aliisema sana. "Azhan nilimlea kwa kitambaa cha saruni na springi ya kuning'iniza darini, mbona hakufa? Mtoto habembelezwi na waya." Lakini mchana mmoja shuka lilimfunika Uwais usoni wakati bibi yake akianika nguo barazani. Rafeah aliona akiwa kantini, akapiga kelele kwenye simu, na bibi akawahi. Tangu hapo Mak Rokiah hakuikejeli tena bembea. Akawa anaifuta vumbi kama mtu anayemwosha mgeni miguu.

Siku ya mapumziko Rafeah alimpakata mwanawe akaanza kumwimbia:

*Lala kipenzi, mvua imekatika,*
*baba yu njiani, taa imewashwa.*

Uwais hakumtazama. Aligeuza shingo, akaikazia macho spika ya bembea, akisubiri. Ilipokaa kimya alilia kilio cha mtoto aliyeachwa kwa watu asiowajua, akajinyonga mikononi mwa mama yake, na titi akalikataa.

"Mama, hii harufu gani?" Rafeah aliuliza. Ilikuwa kama ya yale maua meupe yanayopandwa makaburini, tamu mno, na chini ya utamu huo kitu kilichooza.

Mak Rokiah alinusa, akashusha sauti. "Ipo siku ya tatu sasa. Nilidhani ni sabuni yako."

Azhan aliporudi alichungulia kumbukumbu zote za bembea kwenye simu. Hakukuta sauti yoyote iliyotumwa mchana. "Basi Mama aliota," alisema. "Mtandao ukiyumba vitu hivi hujirudiarudia. Jini gani huyo anayejua nywila yangu? Mimi mwenyewe huisahau!"

"Usicheke, Baba Uwais," Rafeah alinong'ona. "Mtoto hanitaki."

"Hakutaki kwa sababu hakuoni. Unatoka amelala, unarudi amelala."

Neno hilo lilimchoma kuliko harufu ile. Azhan aliona alivyomuumiza, akaahidi kuirudisha bembea dukani akitoka safari ya kesho.

Kesho yake, kwenye mapumziko ya alasiri, Rafeah aliichukua simu yake kabatini akafungua kamera. Alimwona Mak Rokiah amesinzia kitini, kidevu kifuani. Alimwona Uwais macho, akitabasamu. Bembea ilikuwa ikienda. Kisha akasikia sauti yake mwenyewe, na ule mkwaruzo wake wa asubuhi, ikisema polepole:

"Akirudi yule, usimtazame. Yeye huja giza likiingia. Nani anashinda nawe? Si mimi?"

Kijiko kilimponyoka. "We ni nani?" alipiga kelele, na kantini nzima ikageuka. "Toka kwa mwanangu! We ni nani?"

Kule chumbani maneno yake yalitoka kwenye spika. Uwais akakunja uso. Halafu ile sauti nyingine ikauliza, kwa upole, kama anayemchezesha mtoto: "We ni nani?" Na Uwais akacheka.

Picha ikazima.

Alimpigia Mak Rokiah, simu ikaita hadi ikakata. Hakuaga mtu. Alipanda pikipiki akakimbilia darajani, akakuta foleni ya uhamiaji, maelfu ya pikipiki zimebanana chini ya mvua, zikisogea hatua moja na kusimama, na kila aliposimama alipiga tena na simu ikaita tena, na katika mlio ule alianza kusikia kama wimbo, akang'oa simu sikioni, akairudisha, akaomba apite, akatukanwa na mzee mmoja mwenye koti la mvua, akalia waziwazi ndani ya helmeti hadi kioo kikafunga ukungu, na muda wote huo alikuwa akimfikiria yule mtu asiyemjua ambaye alikuwa kwake, mwenye sauti yake, karibu na mwanawe kuliko yeye.

Adhana ya magharibi ilikuwa ikimalizika alipofika chini ya jengo lao. Mvua ilikuwa imekatika. Upande wa nyuma, ambako migomba imeota ovyo hadi ukingoni mwa mtaro mkubwa wa maji, alimwona Mak Rokiah akitembea pekupeku, Uwais begani.

"Mama!" Rafeah aliita.

"Mama!" iliita migomba.

Mak Rokiah alisimama. Aligeuka nyuma, akatazama mbele. "Rafeah? Si umeniita kwenye bembea sasa hivi? Umesema pikipiki imeharibika, nikuletee mtoto unyonyeshe, matiti yanauma..."

"Niko hapa, Mama. Nipe mtoto," sauti ilitoka gizani.

"Mama, mimi ndiye! Usiende!"

Uwais alikuwa amenyoosha mikono yote miwili kuielekea migomba. Harufu ya maua ilikuwa nzito hata ikawa ladha mdomoni. Mak Rokiah alimkumbatia mjukuu wake na kuinama kana kwamba anamkinga na mvua.

"Mimi sauti siwezi kuzitofautisha," alisema, naye analia. "Aliyemzaa na aje amchukue. Mimi sisogei."

Rafeah alikimbia. Aliteleza kwenye matope, akaanguka kwa magoti, akainuka. Kule migombani hakuna kilichokanyaga jani. Sauti iliendelea tu kuita, tamu, yenye subira, haina pumzi wala hatua.

Alipomtia Uwais kifuani, mtoto alipiga mayowe na kumparura shingo. Mak Rokiah alikuwa ameanza kusoma Ayatul Kursiy kwa sauti iliyokatikakatika, na sauti ile ikawa inafifia kila neno, hata mwisho ikabaki minong'ono ya maji mtaroni.

Ustadhi Halim wa msikiti wa mtaani aliitwa usiku uleule. Alisoma dua kila kona, akampaka mtoto maji yaliyosomewa, akaigusa bembea kwa kidole.

"Tuichome?" Azhan aliuliza. Hakuwa na utani tena.

"Chuma hakina dhambi. Kilichoingia kilikuta mtoto anaitikia sauti isiyo na mtu."

Mak Rokiah ndiye aliyekata shauri. "Jicho libaki, siku ile lilimwokoa. Mdomo na sikio ving'oeni." Azhan akaving'oa spika na kinasa sauti kwa bisibisi, akavitupa mbali na nyumbani.

Harufu ilitoweka. Rafeah aliomba likizo, akashinda na mwanawe, na kidogokidogo Uwais akalirudia titi, akawa anamshika kidole na kukataa kukiachia. Likizo ilipokwisha alirudi kiwandani, maana nyumba haiendeshwi na lori moja.

Alasiri ya kwanza alifungua kamera. Hapakuwa na sauti tena, picha tu. Mak Rokiah alikuwa macho kando ya bembea, akikunja nepi. Uwais alikuwa amelala chali, ametulia.

Rafeah alikaribia kuifunga simu. Ndipo alipoona macho ya mtoto yakisogea, polepole, kutoka kushoto kwenda kulia, kichwa kikifuata, kama unavyomfuata mtu anayezunguka kitanda chako. Mak Rokiah hakuona kitu. Aliendelea kukunja nepi. Uwais akatabasamu, akanyoosha mikono.

Wenzake walimwuliza kama anampigia bibi wa mtoto.

Hakupiga. Alikuwa ameshachukua helmeti, anashuka ngazi.