Tome ya Kwanza Bila Mazishi

Taulo lilikuwa limelowa. Hugues hakuwa ameoga, Fanny mke wake pia hapana, na bomba za avenue nzima zilikuwa kavu. Alilinusa: tope la mto na samaki mbichi. Akalitundika juani, akarudi mezani kusahihisha tome ya pili, kitabu cha pili cha hadithi yake.

Mutu mwenye licence en lettres, digrii ya fasihi, anafanya kazi gani Kisangani? Bon, hafanyi. Diplome yake iko ukutani inakula vumbi, na bosi aliyemwajiri jirani asiyejua hata kuandika barua alimwambia yeye arudi kesho, kisha kesho nyingine. Donc Hugues aliandika. Wenzake waliuza crédit ya simu, yeye akauza majini: hadithi ndefu ya ufalme ulio chini ya mto, tome tatu, zilizochapwa kwa rafiki yake Dady kwenye kibanda cha fotokopi karibu na faculté. Zilisomwa, ça oui. Lakini msomaji wa Kisangani hana huruma.

"Tome ya kwanza ulimuzika Simone," Dady alikuwa amemwambia. "Tome ya tatu anakula pondu. Batu banacheka. Banauliza mwandishi anakunywaka nini."

"Banamupenda Simone. Siwezi kumutoa."

"Alors toa mazishi."

Ilionekana kazi ndogo. Lakini Simone wa kitabu alikuwa Simone wa kweli, yaya wake Fanny, dada yake mkubwa wa mama mmoja, aliyezama boti ya baleinière ilipopinduka karibu na Yanonge. Mwili haukuonekana. Familia ilifanya inachofanyia mutu aliyebaki mtoni: walikata mgomba, wakauvika kitenge chake, wakaulilia usiku kucha, wakauzika, ili roho ijue kwake ni wapi na iache kutafuta mlango. Hugues aliyachukua yote yale akayatia kwenye tome ya kwanza, mgomba, kitenge, hata kikohozi cha marehemu, bila kumwomba mutu ruhusa. Kisha akayafuta kwa bic nyekundu, kwa ajili ya cohérence, hadithi isijipinge. Dady akachapa toleo jipya. Karatasi za zamani zikaenda kufungia mikate ya mafuta.

Hiyo ilikuwa juzi.

Saa sita mchana Fanny alipanga sahani tatu.

"Nani anakuja?" Hugues akauliza.

"Hakuna mwenye kuja. Yaya anaoga."

"Yaya gani?"

"Hugues, minaomba, usianze. Joto imeshatosha."

Akamsogelea, akashusha sauti. "Fanny. Simone tulimuzika. Ulinyolewa kichwa. Minakumbuka ulivyolia."

Fanny alimtazama kama mutu anayetazama mlevi. "Tulizika nani? Usiseme maneno mubaya hivi, atasikia."

Nyuma ya pazia la bafu, mahali ambapo hakukuwa na tone la maji, maji yalimwagika polepole, na mutu akakohoa mara mbili, kikohozi kikavu kilichoishia na kicheko kidogo.

Hugues alitoka uani akapiga simu Yanonge, kwa papa Augustin, baba mdogo wa Fanny, katekista, yule aliyesoma sala juu ya mgomba.

"Tonton, ule mugomba mulizika wapi?"

"Mugomba?" Mzee alicheka. "Vitabu vimekuharibu kichwa, mutoto. Simone si eko kwenu? Mupe salamu."

Simu ikakatika, na hapo Hugues akakumbuka sheria aliyokuwa ameisahihisha asubuhi ileile kwa majivuno, sheria ya tome ya pili ambayo hadithi nzima iliiegemea: mto haurudishi dada wawili wa mama mmoja, ukimwachia mmoja, unamchukua mwingine.

Fanny alikuwa jikoni. Kila alipokanyaga, sakafu ilibaki na alama ya mguu uliolowa.

Basi Hugues hakufikiri tena kama mwandishi, alikimbia nyuma ya nyumba akakata mgomba wa jirani bila kubisha hodi, akaubeba begani utomvu ukimtiririkia shingoni, akachomoa kwenye kamba kitenge kilichokuwa kikidondoka maji, na kwa kuwa kilidondoka maji hakujiuliza ni cha nani, akauviringisha mgomba ndani yake kama alivyoona wamama wa Yanonge wakifanya, akachimba kwa jembe na kwa kucha, akajilazimisha kulia mpaka kilio kikawa cha kweli, na muda wote huo harufu ya tope ilikuwa ikimjia kutoka dirishani, na kikohozi kilikuwa kimetoka bafuni, kimepita sebuleni, kimesimama mlangoni nyuma ya mgongo wake, naye hakugeuka.

"Hugues, unazika nini kule?" Fanny aliita kutoka jikoni. "Njo ukule, chakula inapo..."

Alikuwa amesukuma udongo wa mwisho.

Jikoni palinyamaza. Hugues akatazama chini, pale ncha ya kitenge ilipochungulia kwenye udongo: maua ya manjano, ukingo wa buluu. Alikinunua mwenyewe soko kuu, marché central, akampa Fanny siku ya mahari. Alichimba tena kwa mikono yote miwili, akafika chini, akakuta maji tu, maji ya kahawia yaliyokuwa yakienda mahali fulani kwa haraka.

"Cheri, acha ile matope," sauti ikasema mlangoni. "Pondu inapoa."

Mezani palikuwa na sahani mbili. Mwanamke alikaa akala kwa utulivu, nywele zikimdondokea maji mabegani. Ukutani, kwenye picha ya ndoa, alikuwa yeye, na gauni lilimkaa vizuri. Simu ikalia: papa Augustin, anasalimia mke wa Hugues. Halafu Dady: tome zimekwisha, batu banataka zingine, safari hii hakuna aliyeona kosa hata moja.

Hugues akatafuta mdomoni jina la mke wake. Alihangaika nalo, jasho likamtoka, mpaka likaja.

"Simone," akasema.

Na hakuna kitu katika nyumba ile kilichopinga.