Abiria Hajashuka

Pikipiki ilikuwa imebeba mtu, na mtu hakuwepo.

Ndanu aliliona hilo kwenye spring za nyuma. Ukiwa na kaka wa boda huhitaji digrii kujua nduthi iliyobeba na isiyobeba. Digrii alikuwa nayo hata hivyo, ya Geospatial, second upper, imelala ndani ya bahasha chini ya godoro kule Soweto West, Kibera, ikinuka mafuta ya taa.

Ofisi, kama unaweza kukiita kile chumba ofisi, ilikuwa Kawangware, juu ya bucha. Mwenyewe ni Thuo. Thuo hakujenga lile jengo. Babake alijenga, yeye akazaliwa. Alijaza kompyuta, akajaza magraduate wasio na kazi, akawapa kazi ya kufundisha mashine za Wazungu kuona. Unawekewa video, unachora box kuzunguka kila kitu, unaipa jina. Gari. Mti. Mbwa. Miaka yote hiyo ya campus ili uje uambie kompyuta kwamba mbwa ni mbwa.

Video ya siku hiyo ilikuwa ya wazee wawili wa Kizungu wakizunguka Ziwa Superior kwa pikipiki, huko Amerika, kutwa nzima. Wa nyuma alikuwa na kamera kwenye helmet, kwa hivyo ulichoona ni mgongo wa yule wa mbele: jaketi la ngozi, mkia wa nywele nyeupe, na kiti cha abiria kitupu nyuma yake. Kushoto kulikuwa na maji yasiyo na ng'ambo. Kulia misonobari, bendera, nyumba moja moja zenye masanduku ya barua barabarani.

"Kwani wanapeleka nini?" Ndanu aliuliza.

"Hawapeleki," Lavender alisema kutoka meza ya pili. "Inaitwa touring. Unachoma mafuta ndio uone maji."

"Na wakishayaona?"

"Wanachoma ingine warudi. Usikasirike, mami. Wewe ni wa kuchora box."

Wazee walisimama kwenye ufuo wa mawe. Wa mbele alishuka, akainama, akanawa uso ziwani, akarudi akakaa. Spring ikabonyea. Halafu, kabla hajawasha, ikabonyea mara ya pili.

Hapo mashine yenyewe ikachora box la nukta nukta juu ya kiti kitupu, na swali likatokea: *Passenger?* Yes. No.

Ukibonyeza No lazima uandike maelezo, na maelezo yanaenda kwa Thuo, na Thuo anarudi na mdomo.

"Thuo, hebu kuja. Mashine inasema kuna abiria, na mimi sioni mtu."

"Mashine imesema?"

"Ndiyo, lakini..."

"Sasa wewe ni nani? Wewe ni mashine? Piga Yes, vuta mpaka mwisho, tusonge."

Kuvuta mpaka mwisho ndiyo ilikuwa njia ya mkato ya pale. Kila kitu ulichokichorea box kilipaswa kuwekewa pahali pa kutokea, exit, pale kinapotoka kwenye video. Lakini hiyo ni kazi ya mtu anayelipwa vizuri. Wao walinakili box hadi video inapoisha, wakafungua nyingine. Na hii iliisha wazee wakiwa bado barabarani, jua likishuka, ziwa bado kushoto. Hawakufika popote.

Ndanu akapiga Yes. Akavuta mpaka mwisho. Box likageuka kijani.

"Nani ameacha friji ya bucha wazi?" Lavender aliuliza, akijikunyata.

Haikuwa harufu ya nyama. Ilikuwa harufu ya mawe na maji, maji ya baridi sana, yale ambayo jua halijawahi kuyafikia chini.

*

Nyamai, kakake wa boda, alirudi nyumbani kabla giza halijaingia, jambo asilolifanya kamwe. Stage yake ilikuwa nje ya fleti za Nyayo Highrise, juu kidogo ya dam, na jioni ndiyo saa ya watu kutoka kazini. Alisimama mlangoni bila kutoa helmet.

"Wateja wananikataa, siz."

"Umefanya nini tena?"

"Sijafanya kitu! Mathe mmoja amepanda, hata hajakaa vizuri, akaruka chini akaniambia yeye habebwi excess. Nikamwambia, mathe, ni wewe peke yako. Akaniambia, na huyu nimemkalia?" Alicheka, kicheko kikakatika. "Nduthi inavuta nyuma tangu mchana. Na nashikwa hapa." Aliweka viganja vyake tumboni. "Vile abiria muoga hushika kwa bumps."

Akageuka ili atundike jaketi, na Ndanu akaona mgongo wake. Ulikuwa umelowa chapa, kuanzia kwenye mabega hadi kiunoni, na siku nzima Kibera ilikuwa vumbi. Harufu ile ikajaa nyumba ya mabati kama mtu aliyeingia na kufunga mlango.

Walimwita Auntie Mbula, dada ya mama yao, aliyeishi kwenye mlango wa tatu. Mbula huuza mitumba ya watoto, na Wakamba wenzake kutoka Kitui humletea watu waliopandwa na vitu, usiku kwa siri, Jumapili wanampita kanisani kana kwamba hawamjui. Alilishika jaketi kwa ncha za vidole. Akanusa. Akalitupa nje.

"Huyu si wetu," alisema, na sauti yake ilikuwa imeshuka hadi karibu kuisha. "Wetu wakiingia nawasikia kwa damu. Huyu ni wa maji. Maji ya mbali. Nani amempa kiti?"

Ndanu akaeleza yote: video, spring, Yes.

"Kwa hivyo jini ya Amerika," Mbula alisema. "Hata hiyo mmeimport. Ya hapa haikuwatosha."

"Auntie, mtoe. Tafadhali."

"Mimi namtoa aliyeingia kwa nguvu. Huyu aliambiwa karibu, akaja akakaa kwa nduthi iliyo karibu nawe. Mwenye alimwambia akae ndiye atamwambia ashuke." Alimtazama Nyamai, akageuza uso. "Na ufanye haraka. Umempandisha safari isiyokuwa na pahali inaenda, na akichoka kuzunguka atatafuta maji mwenyewe. Abiria wa maji hushukia majini. Na hashuki peke yake."

Nyamai alimkabidhi dadake ufunguo wa pikipiki, na Ndanu akalala nao ndani ya sidiria.

*

Asubuhi ufunguo ulikuwa pale pale, umelowa. Nyamai na pikipiki hawakuwepo.

Alikimbia hadi Kawangware akipiga simu njia nzima. Alipofika kwenye ngazi za bucha ndipo iliposhikwa. Upepo. Injini. Halafu kakake, akinong'ona kama mtu anayeongea mbele ya mwenye nyumba.

"Siz. Sikutaka kutoka. Mikono ndiyo ilijua."

"Simama! Uko wapi?"

"Anasema hajaona ziwa. Anasema aliahidiwa ziwa siku nzima."

"Nyamai, usishuke upande wa dam, unanisikia? Usishuke huko!"

"Nimeshapita Highrise," Nyamai alisema, na sasa alikuwa analia. "Breki ziko, nafinya, haishiki."

Simu haikukatika. Ilibaki ikivuma upepo.

Thuo alikuwa kwenye kiti chake akinywa chai. Kompyuta yake peke yake ndiyo iliyoweza kufungua kazi iliyokwisha kutumwa.

"Fungua video ya ziwa. Sikuweka exit. Nataka kuweka."

"Ile imeenda. Nikiirudisha score yangu inaanguka."

"Thuo, kakangu anakufa."

"Kila siku mtu wenu anakufa. Wa malaria, wa accident, wa..."

Hakumaliza, kwa sababu Ndanu alikuwa amemmwagia ile chai. Alimsukuma kiti na magurudumu yake hadi ukutani, akapiga magoti mbele ya kompyuta, na Lavender, bila kuambiwa, akasimama katikati yao na mkasi wa mezani mkononi. "Jaribu," alimwambia Thuo. "Nimetafuta sababu tangu nigraduate."

Video ikafunguka. Ilianza kama jana, misonobari na bendera na yale maji yasiyo na ng'ambo, lakini alipoivuta mbele kuelekea pale ilipoishia jana haikuisha, iliendelea, na lami ikawa nyembamba ikawa udongo, na misonobari ikawa nguzo za stima zilizoinama, na zile nyumba moja moja zikasogeleana zikapandana zikawa fleti za Nyayo Highrise zenye nguo zimeanikwa, na mkia wa nywele nyeupe ukaingia ndani ya helmet nyekundu ambayo Ndanu mwenyewe aliichagua Gikomba, na jaketi la ngozi likawa reflector ya stage, na nyuma ya reflector, ndani ya box lake la kijani, sasa hakikuwa kiti kitupu tena bali nywele, nywele ndefu zilizolowa zilizofunika mahali pote ambapo ungetegemea kuona uso au kisogo, zikidondosha maji ambayo hayakuwa yanaanguka chini bali yanapanda juu, na mikono miwili myeupe kama mzizi ilikuwa imemkumbatia Nyamai tumboni, na mbele yao magugu ya dam yalikuwa yanafunguka polepole, katikati, kama pazia.

Akabonyeza *Exit*. Mashine ikauliza: onyesha pahali object imesimama baada ya kutoka.

Gurudumu la mbele liliingia majini.

Box la kwanza likatoka limepinda. Akalifuta, akachora lingine, juu kwenye udongo mkavu, mbali na maji, karibu na njia ya watu. "Shuka," alisema kwa meno. "Shuka hapa. Umefika. Shuka, mbwa wewe, shuka." Akahifadhi.

Spring za nyuma zikainuka.

Simu, iliyokuwa sakafuni, ikaongea. "Siz! Ameshuka!" Nyamai alikuwa anakohoa na kucheka na kutapika pamoja. "Ameshuka, siz, nduthi imeinuka! Nimelowa hadi kiunoni lakini niko kwa udongo. Niko sawa. Niko sawa."

Ndanu aliegemeza paji la uso kwenye meza. Lavender aliweka mkasi chini, mkono wake ukampapasa mgongoni, wakacheka wote wawili kile kicheko kibaya cha watu waliokaribia kulia.

"Lakini siz," Nyamai alisema.

"Nini?"

"Aliniuliza kitu akishuka. Sauti ilikuwa ya kawaida tu. Kama ya customer."

"Aliuliza nini?"

"Ni nani alimbook."

Ndanu aliinua kichwa polepole.

"Unajua mteja akikuuliza hivyo unajibu tu," Nyamai alisema. "Ni mazoea. Nikamwambia ni sister yangu. Kawangware, juu ya bucha."

Chini, mwenye bucha aliacha kukata. Hakuna aliyesikia hatua. Kilichosikika ni matone, tone kwenye ngazi, tone kwenye ngazi inayofuata.

Kwenye skrini video mpya ilijifungua yenyewe. Ilikuwa imepigwa kutoka kimo cha kichwa cha mtu, ikipanda ngazi ambazo Ndanu alizijua, ikipita kwenye tangazo la vyumba vya kupanga, ikifika kwenye mlango. Kisha chumba. Kompyuta, Thuo ukutani na shati lake la chai, Lavender akirudi nyuma na viganja mdomoni. Na katikati, aliyepiga magoti, mgongo wa mwanamke mwenye rasta zilizofungwa kwa uzi wa njano.

Ndanu hakugeuka. Aliitambua rangi ya uzi wake. Mikono miwili ya baridi ilimzunguka tumboni, kwa upole, vile abiria muoga hushika kabla safari haijaanza.

Box la nukta nukta likajichora kuzunguka kichwa chake. *Rider?* Yes. No.

"Thuo," alinong'ona. Vidole vyake havikumtii tena. "Thuo, mimi si wa kumbeba, piga No. Nakuomba. Andika maelezo."

Thuo alijongea akitambaa kando ya ukuta, macho yake yakiwa kwenye kile kilichosimama nyuma ya Ndanu. Alinyoosha mkono juu ya bega lake hadi kwenye mouse.

"Tusonge," alisema kwa sauti ndogo kabisa, akapiga Yes.

Kisha akavuta mpaka mwisho.