Jipu Ndani ya Ini

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku, msichana aliyepewa jina hilo kwa wingi wa maneno, alimpelekea baba yake chai kwenye karakana ya useremala. Asubuhi hiyo alimkuta ameegemea meza, amejishika chini ya mbavu za kulia, jasho likimtiririka.

"Uchovu tu, mwanangu. Wahi shule."

Chiriku alijua si uchovu. Wiki sita nyuma baba alihara damu, akapewa vidonge zahanati. Siku ya tatu alipata nafuu, akavitupa vilivyobaki. "Usimwambie mama yako, atanisumbua bure," alimwonya. Tangu hapo homa ikawa inapanda na kushuka, nguo zikampwaya, na Chiriku akafunga mdomo.

Ghafla baba alipiga ukelele, akaanguka juu ya maranda.

Hospitalini, mama na Chiriku wakiwa kando ya kitanda, daktari alimgusa tumbo. Lilikuwa gumu kama ubao.

"Mama, mgonjwa aliwahi kuhara damu?"

"Hapana, daktari. Ningejua."

Baba alikuwa akigumia tu, macho yamemlegea. Chiriku alisogea mbele.

"Alihara," alisema. "Alinikataza kusema. Na dawa hakumaliza."

Mama alimgeukia kama aliyepigwa kofi. Kipimo cha ultrasaundi kilionyesha jipu kubwa ndani ya ini. Lilikuwa limepasuka na kumwaga usaha tumboni. Baba alitundikiwa dripu ya dawa, akasukumwa mbio chumba cha upasuaji. Mama alikaa mwisho wa benchi, mbali na Chiriku.

Baba alitolewa akiwa na mipira miwili tumboni, ikichuruzisha usaha wa kahawia. Siku nne hakumtambua mtu. Mgonjwa wa kitanda cha jirani alifariki, shuka likabadilishwa. Siku ya tano baba alifumbua macho, akaomba maji.

Baada ya wiki tatu mipira ilitolewa.

"Nilikutwisha mzigo usio wako," baba alimwambia Chiriku. "Nisamehe."

"Vijidudu vya amiba huingia kwa maji na chakula kichafu," daktari alieleza. "Ukikatisha dawa, vinaweza kubaki na kufika hadi kwenye ini. Maliza dozi hata ukijiona mzima. Na wewe, binti, ugonjwa haufichwi. Tungejua mapema, huenda tusingempasua. Ila uliposema, ulituokolea muda, na muda ndio uliomwokoa."

Chiriku aliangua kilio. Mama, ambaye tangu siku ile alizungumza naye kwa shida, alimvuta kifuani.

"Mimi ndiye niliyepaswa kuambiwa," alisema, akimtazama mumewe. "Siyo mtoto."

Baba aliinamisha kichwa.